Kuwa mtu hakukumfanya aache kuwa Mungu

Ndugu unayeuliza kama Mungu alikuwa tumboni mwa Mariamu basi nani alikuwa anaendesha dunia, swali lako linachukulia kwamba Yesu alipokuwa mtu aliacha kuwa Mungu, na mafundisho ya kanisa hayasemi hivyo kabisa. Yohana 1:14 Neno (ndiye Yesu) alifanyika mwili, yaani alitwaa ubinadamu ila umungu haukupungua. Athanasius, askofu wa Aleksandria, alishalijibu hili karne ya 4, kwamba mwili haukumfungia humo, alikuwa ndani yake na bado anashikilia vyote. Maaskofu kwenye mtaguso wa Kalkedonia mwaka 451 wakaiweka rasmi, nafsi moja asili mbili, ya Mungu na ya mtu. Ndo maana Marko 4 analala chomboni halafu huyohuyo anaamka anakemea upepo. Inawezekanaje? Hapo hata mimi kichwa kinauma, lakini jambo kuwa gumu haimaanishi linajipinga.