Muulize Fundi: Kompyuta imegoma kuwaka

SWALI: Hujambo fundi. Nina duka la fotokopi hapa Kondele, Kisumu. Juzi stima ilipotea wakati wa mvua ya radi, na iliporudi kompyuta ya mezani ikagoma. Nikibonyeza swichi, hakuna taa wala feni. Jamaa mmoja ameitazama dakika mbili akasema mazabodi imeungua, ninunue nyingine. Nimwamini?

JIBU: Usinunue kitu bado. Huenda mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha sehemu zote za kompyuta, imeungua kweli, lakini hilo halijulikani kwa kutazama dakika mbili. Stima ikirudi kwa kishindo, kinachoipokea kwanza ndani ya sanduku ni pawa saplai, kile kisanduku kinachogawia sehemu nyingine umeme, na mara nyingi ndiyo inayokufa. Fuata njia ya umeme kutoka ukutani uone unakomea wapi.

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Ikichaji, chukua kebo ya skrini uitie kwenye kompyuta, maana kwa kawaida zinafanana. Ikiwaka, kasoro ni kebo ya kwanza au fyuzi iliyo ndani ya plagi yake. Weka fyuzi ya ampea zile zile. Usitie ya 13 palipokuwa na ya 5, na tafadhali usiizungushie ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hivyo ndivyo nyaya huwaka moto.

Bado? Ichomoe, shikilia swichi ya kuwashia kwa sekunde 30, iache dakika kumi, ujaribu tena. Pawa saplai nyingi hujifunga umeme ukizidi, na hazifunguki mpaka chaji iliyobaki ndani iishe.

Ikikataa, pima pawa saplai yenyewe. Kompyuta ikiwa imechomolewa, fungua sanduku utoe plagi zake zote: ile kubwa ya pini 24, ya prosesa na za diski. Kunja klipu ya karatasi, kwenye ile plagi kubwa unganisha tundu la waya wa kijani (uko mmoja tu) na tundu lolote la waya mweusi, ndipo uchomeke ukutani. Feni isipozunguka, shuku pawa saplai. Ikizunguka, usishangilie: pima kwa multimita, kile kifaa cha kupimia volti. Waya wa njano utoe volti 11.4 hadi 12.6, mwekundu 4.75 hadi 5.25, wa machungwa 3.14 hadi 3.47. Wa zambarau lazima uwe na volti 5 hata bila klipu, kwa sababu huo ndio unaoipa uhai swichi ya mbele. Ukiwa sufuri, umempata mgonjwa wako.

Kipimo hiki hakifai kwa vikompyuta vyembamba vya mtumba vya Dell na HP. Nyingi zina plagi na mpangilio wa nyaya wa kivyake. Azima pawa saplai ya modeli ile ile ujaribu nayo. Na usifungue pawa saplai yoyote: kapasita zake (vihifadhi chaji) huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa.

Volti zikiwa sawa, rudisha plagi zote, vua waya wa swichi ya mbele kwenye mazabodi na uguse pini zake mbili kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu. Ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Isipowaka, hapo ndipo jamaa yako ana hoja.

Radi ikianza kunguruma, chomoa kila kitu, pamoja na waya wa intaneti. Ekstensheni yenye kinga haizuii radi iliyopiga karibu.

SWALI: Yangu feni inazunguka, inalia mara tatu, skrini nyeusi. Niko Nakuru.

JIBU: Maana ya milio hutegemea mtengenezaji, lakini anza na ramu, ile kadi ndefu ya kumbukumbu iliyochomekwa kwenye mazabodi. Chomoa stima, toa ramu, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, futa kwa kitambaa kikavu, kisha irudishe mpaka vibanio vilie “ta!”. Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Usipulize tundu kwa mdomo. Mate huleta kutu.

SWALI: Kila asubuhi saa imerudi nyuma miaka mingi, na kompyuta inasimama ikitaka nibonyeze F1. (Kakamega)

JIBU: Betri ya mazabodi imeisha. Nunua CR2032 ya volti 3, ile ya umbo la sarafu, uiweke alama ya kujumlisha ikitazama juu. Kisha rekebisha tarehe, la sivyo tovuti nyingi zitakataa kufunguka.