Mbwa wa madoadoa "hasikii": maswali na majibu

Dume langu la Dalmatian lina miezi 10. Mchana tunalifunga, jioni tukilifungulia linaangusha watoto na kung'oa maua. Ni ukorofi?

Hapana ndugu yangu, amechoka kukaa. Uingereza ya karne ya 18 na 19 mbwa hawa walikimbia sambamba na magari ya farasi, na Marekani walikimbia na magari ya zimamoto enzi zile yakivutwa na farasi. Ndiye huyo unayemfunga mnyororo kutwa nzima! Mtoe alfajiri, lami ikiwa bado baridi, mtembee nusu saa hadi saa nzima, na jioni tena. Ila usimkimbize nyuma ya pikipiki. Mifupa inakomaa bado, ngoja afikishe mwaka na nusu hivi. Mkirudi, dakika tano za "kaa", "subiri" na "njoo". Na mtoto yeyote asimshike mpaka miguu yote minne iwe chini.

Mbwa wangu jike wa miezi minne hasikii kabisa. Namwita, anaendelea na yake. Nitumie fimbo?

Weka fimbo chini, dada. "Hasikii" tumezoea kulisema kwa mkaidi, lakini kwa Dalmatian lichukue kama lilivyo. Uziwi wa kuzaliwa ni mwingi katika aina hii, wengine sikio moja, wengine yote mawili. Msubiri alale fofofo, simama mbali nyuma yake, ugonge sufuria kwa kijiko. Usikanyage sakafu kwa kishindo, maana atahisi mtikisiko. Kama hata sikio halichezi, rudia kesho. Akiamka lakini akageukia upande isikotoka sauti, huenda sikio moja ndilo zima. Kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Akiwa kiziwi, bado anafundishika. Niliwahi kumfundisha dume mmoja kiziwi: kiganja juu ni "kaa", mikono kifuani ni "njoo", dole gumba ni "umefanya vizuri", na kipande cha yai hapohapo. Usiku nilimwita kwa kuwasha na kuzima taa ya barazani. Baada ya wiki chache tukitembea alikuwa anageuka mwenyewe kila hatua kadhaa kunitazama usoni, na mpaka leo nikikumbuka macho yale nasikitikia mbwa wote waliochapwa kwa kosa la kutosikia. Huyo wako usimwachie kamba karibu na barabara, wala usimguse ghafla akiwa amelala.

Akifanya vizuri tunampa maini, na chakula chake ni ugali na dagaa. Ni sawa?

Kwa mbwa wengine ningenyamaza. Mwili wa Dalmatian hauvunji asidi ya yuriki, yaani taka ya mwilini, kama wa mbwa wengine. Hutoka kwenye mkojo na inaweza kuganda mawe, hasa kwa madume. Maini, figo na dagaa huiongeza. Mpe yai la kuchemsha au karoti, na maji yasikauke bakulini. Ukimwona anajikamua mkojo hautoki, ni hospitali saa hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Nimeoneshwa watoto wa wiki moja, weupe pe, hawana doa hata moja. Natapeliwa?

Hapana. Karibu wote huzaliwa hivyo, madoa huanza kujitokeza baada ya wiki mbili hivi. Waache kwa mama yao mpaka wiki nane, na uulize kama wazazi wao walipimwa masikio. Siku ya kuchagua, nenda na sufuria na kijiko.