Land Rover "la jeshi": lisome kwanza, msasa baadaye

Mkuu, hongera kwa kuliwahi gari hilo kabla wanunuzi wa chuma chakavu hawajalifikia.

Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi kanunua Land Rover 109 (inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ile ndefu, lililolala muda mrefu kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Muuzaji kamwambia ni la jeshi la Mwingereza na lilipigana Vita vya Pili vya Dunia. Anauliza atajuaje kama ni kweli, na aanzie wapi kulifufua. Waliotangulia wengi wamemshauri alipeleke likapigwe mchanga lote (mchanga unapulizwa kwa nguvu kung'oa rangi na kutu), mengine yafuate. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Ukishalipiga mchanga, jibu la swali lako la kwanza limeondoka na vumbi.

La Vita vya Pili litoe kabisa. Land Rover la kwanza lilionyeshwa kwa umma Amsterdam, Aprili 1948, vita imeisha karibu miaka mitatu. Wazo lenyewe Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alilipata kwa kutumia Jeep la mabaki ya vita kwenye shamba lake kule Anglesey, na gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep. La 109 ndiyo kabisa, urefu huo haukuwepo hadi nusu ya pili ya miaka ya 1950.

Muuzaji simlaumu sana lakini. Tanganyika ilipokea vyuma vingi vya vita. Mpango wa Karanga ulipoanza Kongwa mwaka 1947, Waingereza walikosa matrekta mapya wakazoa mitambo ya mabaki ya jeshi hadi Ufilipino. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Mpango ukafa 1951, vyuma vikabaki. Kwa hiyo wazee wakisema "hili lilitoka vitani", pengine wanakumbuka kitu cha kweli, ila wanakibandika kwenye gari lisilo lenyewe.

Kama kuna mwenye Jeep humu, hilo ndilo linaweza kuwa la vita kweli, na kulitambua kuna raha yake. Grili ya bati yenye nafasi tisa ni dalili ya la jeshi, maana Jeep za kiraia zilizofuata, CJ, zina saba. Kisha inama mbele uangalie chuma cha chasisi kinachopita chini ya rejeta: cha mviringo kama bomba ni Willys MB, cha umbo la U lililopinduliwa ni Ford GPW. Ford walikuwa na wivu na kazi yao, wakagonga herufi F kwenye vipande vingi, hadi vichwa vya bolti. Viwanda hivyo viwili vilitoa zaidi ya Jeep 600,000, na vipande vyake vinaingiliana, kwa hiyo gari lenye bodi ya Ford juu ya chasisi ya Willys ni jambo la kawaida. Jeshi lenyewe lilikuwa likiyachanganya kwenye karakana zake. Angalia pia umeme: la vita ni volti 6. Ukikuta kila kitu ni volti 24, huenda unalo Hotchkiss M201, lililotengenezwa Ufaransa baada ya vita. Ni gari zuri, ila bei yake isiwe ya hadithi.

Turudi kwa mleta uzi.

Anza na namba ya chasisi, na siyo ile ya kwenye kibamba cha ndani. Kibamba kinashikwa na skrubu au riveti, hivyo kinahama gari hadi gari. Namba unayoitaka imegongwa kwenye chuma cha chasisi chenyewe, mbele upande wa kulia, kwenye mkono unaoshika springi. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi ya waya laini. Grainda isisogee hapo. Kama kutu imeila, ngoja giza liingie, umulike tochi kutoka pembeni kabisa, halafu piga picha. Kivuli kitaonyesha tarakimu ambazo mchana huzioni.

Kama ni toleo la Series IIA, yaani 1961 hadi 1971, tarakimu tatu za mwanzo ndizo zinazosema. 251 ni 109 la petroli, usukani kulia, la soko la Uingereza. 252 ni lilelile lakini la kuuzwa nje. 253 lilisafirishwa vipande vipande likaunganishwe huko liendako. 254 ni la nje, usukani kushoto. Ya dizeli yanaanzia 276. Series III, toleo lililofuata, wana utaratibu huohuo kwa namba nyingine: 911 ni la petroli la Uingereza, 912 la nje, na kuendelea. Magari ya jeshi la Mwingereza kwa kawaida yalitoka kiwandani yakihesabiwa ya nyumbani, kwa hiyo kwa la petroli tarakimu ya tatu inayotuvutia ni 1. Ukikuta 2, gari karibu hakika lilikuja kwa mteja wa huku: shamba, misheni, idara ya serikali, hata polisi au jeshi la nchi yetu wenyewe. Siyo aibu, ila siyo la Mwingereza.

Ukishapata namba, jumba la makumbusho ya magari la Gaydon, Uingereza (British Motor Museum), hutoa cheti kwa malipo. Cheti kinakuambia gari lilitengenezwa lini, lilitoka na rangi gani, likapelekwa kwa nani. Kwangu hiyo ni hela ya kwanza kutumika, kabla hata ya kununua tairi.

Sasa rangi. Watu wakiona kijani wanasema jeshi. Kijani kile kizito, Deep Bronze Green, kilikuwa pia rangi ya kawaida ya kiraia, mkulima yeyote alikuwa anaagiza. Kwa hiyo usitazame rangi ya juu, tazama matabaka. Chagua sehemu ambayo jua na mpaka rangi wa mtaani hawakuifikia: nyuma ya dashibodi, chini ya kibamba, ndani ya boksi la viti. Chukua msasa wa maji namba 800 au 1000, sugua taratibu eneo la upana wa kiganja, huku ukilowesha. Matabaka yatajitokeza duara ndani ya duara, la ndani kabisa ndilo la kiwandani. Usisugue pakavu, rangi za miaka hiyo zilikuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu. Vaa barakoa, na watoto wasiwepo karibu.

Kuna mzee mmoja wa Usa River aliniita nimtazamie gari lake, lina madoa ya kijani na kahawia kama chui, ndoana kubwa ya kuvutia nyuma, na koleo limefungwa ubavuni. Tukasugua nyuma ya dashibodi: kijani, chini yake krimu, chini kabisa kijivu cha kiraia. Namba inaanza na 252. Ndoana ilikuwa imechomelewa na fundi, tena kwa haraka. Langu mimi lilitoka upande wa Nanyuki, ambako askari wa Uingereza hufanya mazoezi hadi leo, na nje lilikuwa jeupe pee, kama gari la kliniki. Chini ya weupe, kwenye bati la nyuma, zikatokea alama nyeupe juu ya kijani: tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili. Huo ndio mpangilio wa namba ambao jeshi la Uingereza lilianza kuutumia mwaka 1949. Kama ningelipiga mchanga, ningepata bati safi lisilosema kitu.

Vitu vinavyoning'inia nje visikudanganye, ndoana ya NATO, ile kubwa ya kuvutia ya kijeshi, inanunuliwa. Mimi naamini zaidi mashimo na vitu vigumu kuhamisha. Inua viti vya mbele. 109 la jeshi mara nyingi lina matangi mawili, moja chini ya kila kiti, na kibao cha kubadilishia tangi. Pita nyuma chini, tafuta taa ndogo inayomulika difu, na difu yenyewe au kibati kilichopakwa rangi nyeupe. Hiyo ni taa ya msafara: usiku dereva wa nyuma anafuata doa jeupe bila ndege ya adui kuona kitu. Swichi yake ni ya kuzungusha, nzito. Tazama pia kama kuna boksi la betri kati ya viti vya mbele, na nyaya za plagi zilizovishwa msuko wa chuma. Ukivikuta, furahi, lilijengwa kubeba redio na ni la volti 24. Msuko ule ulizuia kelele za umeme wa injini zisiingie kwenye redio. Fundi umeme atakuambia "hii tunatupa, tunaweka ya Toyota". Mkatalie, angalau hadi upige picha ya kila waya na kufunga kilichotoka kwenye mfuko wenye jina. Taa, stata na vipimo vya volti 24 ukivichanganya na vya 12, utaunguza au hakitafanya kazi.

Ukimaliza kusoma, ndiyo shika spana.

Injini kwanza isiamshwe kwa betri. Kama ni ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, ni ngumu kufa lakini pistoni huganda. Toa plagi, mimina mafuta kidogo kila silinda, acha siku kadhaa, kisha zungusha kwa hendeli ya mbele kwa mkono, polepole. Ikizunguka, badilisha oili, safisha tangi na kabureta, ndipo uongelee cheche. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Na kama ndani umekuta Nissan TD27, karibu kwenye chama, nusu ya Land Rover za huku zinatembea na moyo wa Mjapani.

Watu wanadhani Land Rover haliozi kwa sababu bodi ni ya alumini. Chasisi ni ya chuma, na ukuta wa mbele unaobeba dashibodi na milango ni wa chuma pia. Alumini ikigusana na chuma palipo na unyevu, hasa wa chumvi, alumini inageuka unga mweupe kwenye maungio, na upepo wa Tanga haujawahi kumhurumia mtu. Ukirudisha bati, weka raba au gundi ya kuziba kati ya metali hizo mbili. Chasisi igonge kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, usikilize. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama ubao. Pale panapochukua mizigo ya bodi pembeni, boriti ya mwisho nyuma, na sehemu za kuwekea miguu ndani, ndipo pesa yako itakapoishia. Breki za zamani huenda zina asbesto, kwa hiyo usipulize vumbi la ngoma kwa kompresa, futa kwa kitambaa kilicholowa.

Hili ni la uhai: baadhi ya magari ya jeshi, na Jeep za vita pia, yana rimu za vipande viwili vilivyobanwa kwa duara la nati. Nati hizo siyo za kufungulia tairi kwenye gari. Kabla ya kuzigusa toa upepo wote, toa na vali yenyewe. Rimu ikifunguka ikiwa na upepo inaruka kwa nguvu ya kuua, na vijana wengi wa kuziba pancha hawajawahi kuiona.

Kuhusu kulirudishia sura ya jeshi, mimi langu nimelipaka kijani cha kawaida kisicho na madoa, namba ya kijeshi nimeiacha kadirisha kadogo chini ya vanishi, na nje linavaa namba za usajili wa kiraia tu. Kwa nchi zetu sioni hekima ya raia kuendesha gari linalofanana na la jeshi barabarani. Na yeyote akikuambia aigonge upya namba ya chasisi "ili isomeke vizuri", mkimbie. Namba hiyo ndiyo italinganishwa na kadi yako TRA, na iliyogongwa upya inanuka wizi hata kama huna kosa.

Mleta uzi, tuwekee picha ya mkono wa springi mbele kulia, chini ya viti vyote viwili, nyuma ya dashibodi, na difu ya nyuma kwa chini. Tarakimu tatu za mwisho za chasisi zifiche, za mwanzo na herufi ya mwisho ndizo tunazozihitaji.