Filamu si kungwi: kwa mnaopenda watu wa rangi nyingine

Tangu niolewe na Mbelgiji, mabinti wa hapa Ujiji hunifuata na swali moja: "Dada, wazazi wake watanikubali?" Swali hilo wamelitoa kwenye filamu za mapenzi, ambako ubaguzi huwa na sura ya mtu mmoja, aghalabu baba mkwe, naye akishalainika basi ndoa inafungwa na majina ya waigizaji yanaanza kupanda.

Chukua Guess Who's Coming to Dinner ya 1967. Sidney Poitier ni daktari mweusi, msomi, mpole, hana doa, na bado wazazi wa binti mzungu wanashinda wakimpima. Mwenyewe anawaambia wasiporidhia, haoi. Mwisho baba mtu, Spencer Tracy, anatoa hotuba ndefu, watu wanakwenda kula. Je, angekuwa fundi baiskeli? Ila tusiionee, ilihitaji ujasiri. Kwa zaidi ya miaka 20, hadi 1956, kanuni za studio za Hollywood zilikataza kuonyesha mapenzi ya mweusi na mzungu, na filamu hii ilipokuwa inapigwa, kusini mwa Marekani ndoa kama hiyo ilikuwa bado kosa kisheria.

Sheria hizo, katika majimbo 16 yaliyokuwa yamebaki nazo, zilifutwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 12 Juni 1967 kwa kesi ya Richard na Mildred Loving, mume mzungu na mke mweusi waliokamatwa usiku chumbani kwao Virginia mwaka 1958. Filamu yao, Loving ya 2016, ndiyo ninayowaambia mabinti watazame. Richard alikuwa fundi wa kujenga kwa matofali, maneno hana. Hakuna hotuba. Kuna mume anayechungulia barabarani kila gari likipita, na hapo ndipo utamjua mtu.

Kwa sababu ubaguzi nilioukuta mimi haukuwa wa baba mkwe. Yule mzee alinipokea vizuri, tena alijifunza kusema "karibu" kabla sijafika. Ulikuwa dukani, huko kwao, mlinzi akinifuata kutoka rafu hadi rafu huku mume wangu akichagua jibini bila habari. Nilipomwambia alisema, "Labda ni kazi yake tu." Tuligombana njia nzima. Safari iliyofuata aliniacha nitangulie, akaja nyuma kama hatujuani, akaona mwenyewe. Akaenda kuuliza kwa meneja, kwa lugha yao, mimi nimesimama pembeni. Meneja hakuomba radhi, lakini mimi nilichokuwa nakitafuta nilikuwa nimekipata.

Huku kwetu mambo hugeuka. Mgahawani kando ya ziwa tunaagiza migebuka, mhudumu ananiambia, "Dada, muulize mgeni kama anakula pilipili," na bili inawekwa mbele yake. Yeye huisogeza kwangu kimya kimya. Haya ni madogo, yanachekesha hata.

Kubwa lilikuwa la mjomba. Babu yake alivuka ziwa akitokea Kongo, kama wazee wengi wa Ujiji, na siku ya barua hakuanza na mahari. Aliuliza, "Mkwe, kwenu mnafundishwa nini kuhusu Leopold?" Ni yule mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo kwa ukatili. Ukumbi ukanyamaza. Mume wangu akajibu kwamba shuleni waligusiwa tu, mengine ameyasoma ukubwani. "Haya, endelea kusoma," mjomba akasema, ndipo mahari ikatajwa.

Filamu chache hukumbuka kwamba na upande wa weusi kuna wajomba wenye sababu zao. A United Kingdom ya 2016 imekumbuka: Seretse Khama, mrithi wa uchifu huko Bechuanaland, Botswana ya leo, alipomuoa Ruth Williams, Mwingereza mzungu, mjini London mwaka 1948, ami yake Tshekedi alipinga kwanza, kisha serikali ya Uingereza, isiyotaka kuiudhi Afrika Kusini ya makaburu, ikawazuia kuishi Bechuanaland hadi 1956. Itazameni pamoja, na simamisheni kila mnapotofautiana.

Kisha muulize mchumba wako mapema: tutaishi wapi, watoto watasema lugha gani, na shemeji akizitania nywele zangu mezani, wewe utasema nini? Akijibu kwamba kwao hakuna mambo hayo, usimfukuze, ila mwambie mjomba asipokee mahari kwanza.