Tatoo ya sikio isiyosomeka: maswali ya wafugaji wa mbuzi

Swali: Ndugu mtaalamu, mbuzi wangu wengi wana masikio meusi. Niliwapiga tatoo ya utambulisho kwa wino mweusi na siku ile ilionekana vizuri kabisa. Sasa imepita miezi mitatu na ninachoona ni vidoa viwili vitatu. Wino ulikuwa mbovu au ni mkono wangu?

Jibu: Kwanza rangi. Wino mweusi ndani ya ngozi nyeusi hauonekani hata ukiwa umekaa mahali pake. Wino wa kijani ndio unaofaa kwa masikio meusi na ya kahawia, na kwenye masikio mekundu au meupe nao unasomeka vizuri, kwa hiyo mfugaji mwenye mbuzi wa rangi mchanganyiko anunue kijani peke yake. Chagua ule mzito wa kwenye tyubu kama dawa ya meno. Ule mwepesi wa kupaka kwa kigurudumu ni msafi zaidi mikononi, lakini haujazi tundu vizuri kama ule mzito.

Ila rangi peke yake haielezi kwa nini vidoa vingine vimebaki na vingine vimepotea. Uliyoiona siku ya kwanza haikuwa tatoo, ulikuwa wino uliokaa juu ya ngozi. Tatoo ni wino ulioingia kwenye matundu ya sindano na kubaki chini ya ngozi ya juu baada ya kidonda kupona. Usipoingia, unaondoka pamoja na magamba. Mara nyingi chanzo ni kimojawapo cha hivi: sikio lilikuwa na nta na vumbi, sindano zilitua kwenye mshipa na damu ikasukuma wino nje, koleo (kile kifaa cha kubana chenye namba za sindano) halikubanwa hadi mwisho, au wino haukusuguliwa.

Utaratibu ni huu. Panga namba kwenye koleo kabla hujamgusa mbuzi, kisha bana kipande cha katoni uone kama inasomeka sawasawa. Namba za koleo zimechongwa kinyumenyume, kwa hiyo ukizitazama kwenye koleo lenyewe zitakudanganya, katoni haidanganyi. Rudia jaribio hilo kila unapobadilisha namba, hata kama umebadilisha moja tu, maana 6 iliyoingizwa kichwa chini ni 9.

Mbuzi ashikwe na mtu mwingine. Mdogo anapakatwa, mkubwa anafungwa kwenye jukwaa la kukamulia na kichwa kinashikwa chini ya taya. Ukipiga peke yako, atatikisa kichwa wakati sindano bado ziko ndani na herufi itachanika. Nyoa nywele za ndani ya sikio kama ni nyingi. Futa kwa pamba yenye spiriti hadi pamba itoke nyeupe, halafu subiri sikio likauke.

Sasa weka tochi nyuma ya sikio. Utaona mishipa ya damu na mikunjo ya gegedu inayokwenda kwa urefu. Namba zikae katikati ya mikunjo miwili, mbali na mshipa mkubwa, na zisikaribie ukingo. Kama mbuzi atavaa hereni ya namba, acha nafasi yake tangu sasa, kwani wengi huja kutoboa hereni katikati ya tatoo yao wenyewe. Paka wino mzito kwenye ngozi na kwenye ncha za sindano. Bana mara moja, kwa nguvu na haraka, mpaka koleo lifunge, kisha achia. Kubana polepole kunamuumiza zaidi na kunampa muda wa kuruka. Sikio likinasa kwenye sindano, libandue taratibu kwa vidole, usilivute.

Damu ikitoka, kandamiza kwa pamba mpaka ikome ndipo uongeze wino. Kisha chukua mswaki laini na usugue wino ndani ya matundu kwa nusu dakika nzima, kwa kuzungusha. Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi kuliko mahali pengine pote, kwa sababu mbuzi analia na kila mtu anataka kumaliza. Usifute wino uliobaki, uache udondoke wenyewe. Sikio linapona kwa wiki moja hadi tatu, na tatoo haihukumiwi kabla ya mwezi kupita.

Kama yote haya uliyafanya na bado namba zina mapengo, angalia ile raba iliyo upande wa pili wa koleo. Ikishaliwa na sindano inakuwa na mashimo, sikio linazama humo na sindano haziingii sawa. Ibadilishe. Angalia pia sindano zilizopinda au kuvunjika: namba moja inayokosa kidoa kilekile kwa kila mbuzi ina sindano mbovu.

Swali: Mbuzi wangu wana hereni tayari. Kwa nini nihangaike na tatoo?

Jibu: Kama unafuga kwa nyama bila kuwasajili kwenye chama, hereni inatosha. Inasomeka ukiwa mbali, tatoo haisomeki mpaka umkamate mbuzi. Lakini hereni inanasa kwenye waya na vichaka, inachana sikio, na mtu akitaka anaikata na kuvalisha nyingine. Vyama vingi vinavyotunza vitabu vya ukoo vinadai alama ya kudumu kwa sababu hiyo. Vingine vinakubali chipu inayowekwa chini ya ngozi, lakini mnunuzi asiye na kisomaji chake hawezi kuhakiki chochote. Tumia vyote viwili: hereni kwa kazi za kila siku, tatoo kwa cheti.

Swali: Kitoto cha mbuzi kipigwe tatoo kikiwa na umri gani, na kwa namba za ukubwa gani? Dukani kuna saizi tatu.

Jibu: Mfugaji mwenye vitoto vingi asisubiri wakue. Piga ndani ya wiki chache za mwanzo, wakati kila kitoto bado kinamfuata mama yake na hakuna ubishi nani ni wa nani. Wengi huunganisha na siku ya kuchoma pembe. Vikishaachishwa ziwa na kuchanganywa, vitatu vya rangi moja vinatosha kuharibu daftari zima.

Namba za milimita 8 zinawafaa mbuzi wengi. Zile za milimita 6 ni za jamii ndogo na za vitoto vyenye masikio madogo sana. Za milimita 10 waachie wenye ng'ombe. Sikio linapokua vidoa vinaachana kidogo, kwa hiyo tatoo iliyobanana utotoni itasomeka vizuri ukubwani. Tatizo ni ile iliyopigwa kwa namba kubwa mpaka herufi ya mwisho ikaangukia ukingoni.

Kuhusu pepopunda: matundu ni madogo, ila ni vidonda. Kama mama hakuchanjwa, muulize daktari wa mifugo kabla ya siku yenyewe.

Swali: Sikio gani liandikwe nini? Jirani yangu anaandika jina la shamba kulia, mwingine anaandika kushoto.

Jibu: Anayeamua ni chama unachosajili kwake, kwa hiyo soma kanuni zake kabla ya kununua hata herufi. Kwa mfano, chama cha mbuzi wa maziwa cha Marekani, ADGA, kinataka alama ya shamba sikio la kulia na alama ya mbuzi mwenyewe sikio la kushoto. Ya kushoto ni herufi ya mwaka wa kuzaliwa na namba ya mfuatano: mbuzi wa tano wa mwaka wa herufi P ni P5. Herufi G, I, O, Q na U hazitumiki kwa mwaka, kwa kuwa sikioni zinafanana mno na herufi au namba nyingine. Ndiyo maana mwaka 2021 ulikuwa N na 2022 ukawa P. Hata kama chama chako hakina kanuni hiyo, iige. O na 0 zilizochorwa kwa vidoa hakuna anayezitofautisha.

Kulia na kushoto ni kwa mbuzi, si kwa wewe unayemtazama usoni. Kosa hili linarudisha fomu nyingi.

Swali: Nimempiga jike T6 badala ya T9. Nipige juu yake?

Jibu: Hapana. Namba mbili zikilaliana utapata doa la kijani lisilo namba yoyote. Jiulize kwanza: fomu imeshatumwa? Kama bado, na hakuna mbuzi mwingine mwenye T6, andika T6 kwenye fomu na kwenye daftari, kazi imekwisha. Karatasi inasahihishwa kirahisi, sikio halisahihishwi. Kama cheti kimeshatoka, kiandikie chama kuomba marekebisho ya cheti. Kama T6 mwingine yupo, chama ndicho kitakachosema tatoo mpya ikae wapi, na usiipige kabla ya jibu.

Swali: Nina mbuzi wa LaMancha, ile jamii ya masikio mafupi mno. Masikio yenyewe hayapo!

Jibu: Hao wanapigwa mkiani. Inua mkia, utaona mikunjo miwili ya ngozi isiyo na nywele, mmoja kila upande. Wa kulia unachukua nafasi ya sikio la kulia, na wa kushoto hivyo hivyo. Ngozi ya hapo ni laini na inachafuka haraka, basi safisha mara mbili na ubane kwa kiasi.

Swali: Zizini kwangu kuna mbuzi mwenye CAE, ule ugonjwa wa virusi unaoshambulia viungo na ubongo wa mbuzi. Koleo moja linaweza kuwaambukiza wengine?

Jibu: Ndiyo, tatoo ni kazi ya damu na virusi vya CAE vimo katika damu. Anza na vitoto, fuata wakubwa wazima, malizia na huyo mgonjwa. Kati ya mbuzi na mbuzi, osha sindano kwa sabuni na mswaki mpaka wino na damu viishe, ndipo uzitumbukize kwenye spiriti ya asilimia 70. Spiriti juu ya wino mkavu haifanyi kazi. Ukiwa na seti mbili za namba, moja inaloweka huku nyingine inafanya kazi.

Wanaosahau koleo ni wachache, wanaosahau mswaki ni wengi. Mswaki uleule unaosugua damu ya mbuzi wa kwanza unaingia kwenye matundu ya wa pili. Kila mbuzi awe na wake. Mdomo wa tyubu nao usiguse sikio: kamulia wino kwenye kipande cha karatasi, uchote hapo, na karatasi hiyo uitupe kabla ya kumleta mbuzi mwingine.