"Jikedume mwenye chongo": Kandake na kalamu ya Strabo

SWALI: Katika Matendo ya Mitume 8:27 kuna towashi wa "Kandake malkia wa Kushi". Majuzi nimesoma makala isemayo Kandake alipigana na Warumi, na kwamba Strabo, mwandishi wa Kiyunani, alimwita "jikedume mwenye chongo". Je, ni mtu huyohuyo? Na jikedume ni tafsiri sahihi?

JIBU: Si mtu mmoja. Kandake ni cheo cha Kushi, ufalme wa kale wa kusini mwa Misri, kama Kabaka kwa Waganda au Mangi kwa Wachaga. Plinius, Mrumi wa karne ya kwanza, alishaandika kwamba jina hilo lilikuwa likipita kutoka kwa malkia mmoja hadi mwingine. Aliyepambana na Warumi mnamo mwaka 25 K.K. hutambuliwa na wengi kuwa ni Amanirenas. Yule wa towashi alikuja miongo kadhaa baadaye. Basi andika "Kandake Amanirenas" kama unavyoandika "Mangi Meli".

Sasa hilo jikedume. Kwa Kiyunani Strabo alitumia neno litokanalo na "mwanamume", na neno hilo aghalabu ni la sifa, kama sisi tusemavyo "alipigana kiume". Jikedume halina sifa hata chembe. Hilo mtu hurushiwa uwanjani wakati wa ugomvi. Mfasiri ameongeza tusi lake mwenyewe. Lakini nisingeandika "mwanamke wa shoka" pia, maana hapo tunampaka Strabo mafuta. Huyu bwana alikuwa rafiki wa Aelius Gallus, gavana wa Kirumi wa Misri, na aliiona vita kwa macho ya upande huo. Anamsifu mwanamke kwa kumtoa katika wanawake, kisha hapohapo anataja jicho lake. Ningetafsiri hivi: "mwanamke wa hulka ya kiume, tena ana chongo". Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Strabo hakupenda, akaiita chongo.

(Na ni "mwenye chongo" au "ana chongo". "Yeye ni chongo" naisikia sana, siipendi.)

Kuhusu umalkia: neno letu malkia hubeba mawili, mke wa mfalme na mwanamke anayetawala mwenyewe. Maandishi ya Kimeroe, lugha ya Kushi, humpa Amanirenas cheo cha kandake na pia cha qore, yaani mtawala, kilekile walichopewa wanaume. Ukimwita mfalme, sarufi haikukatazi, kwa kuwa ngeli ya A-WA haiulizi jinsia. Ni masikio tu yatakayoshtuka.

Strabo anasimulia pia kwamba watu wa Kushi waliziangusha sanamu za Kaisari Augusto, na kwamba Petronius, gavana wa Kirumi wa Misri aliyepigana nao, alidai zirudishwe. Kichwa kimoja cha shaba cha Augusto hakikurudi. Kilifukuliwa Meroe, mji mkuu wa Kushi, mwaka 1910, chini ya ngazi za hekalu, mahali ambapo kila aingiaye alikuwa akikikanyaga.