Barua kwa Mwanangu: Ya Shangazi Yako Uyaandike?

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Wete. Sote wazima, alhamdulillahi. Ujumbe wako niliupata, na sikutaka kukujibu kwa simu kwa sababu jambo lenyewe linataka utulivu. Umeniuliza, ukiyachukua yaliyompata shangazi yako ukayatia kwenye hadithi unayoitunga, utakuwa umemvunjia heshima? Na ukiyaacha utaandika nini, maana hayo ndiyo unayoyajua?

Andika, mwanangu. Lakini talaka ya shangazi yako iache ilipo. Nani alisema nini usiku ule, na nini hasa kilichomtoa kwa mumewe, hayo tuliambiwa sisi wa ndani, na ni amana.

Hebu nikwambie cha kuchukua. Unaukumbuka msimu wa karafuu, tulivyokuwa tukikaa usiku ukumbini kuchambua? Kila mtu na fungu lake, karafuu huku, makonyo huku, na harufu haitoki mikononi hata ukoshe kwa sabuni. Shangazi yako alikuwa mwepesi kutushinda sote. Basi mtu akiteleza akalitaja jina la yule bwana, yeye hanyanyuki, hasemi kitu, wala mikono yake haisiti. Ila ukimtazama vizuri utaona anachambua tena fungu alilokwisha kulimaliza. Hilo ni lako. Hakukunong'oneza mtu, umeliona kwa macho yako. Mpe mvuvi wa Makunduchi anayeshona wavu usiochanika, au mwalimu wa skuli anayesahihisha upya madaftari aliyokwisha kuyasahihisha, na msomaji asiyewahi kufika Pemba atajua kuna kitu kinamuuma mtu huyo.

Kubadili jina tu hakutoshi. Kwetu hapa, ukiandika "mwanamke mmoja aliyeachwa na mwenye duka la vitambaa", hata watoto wa chuoni watakutajia nyumba yake. Hamisha mji, hamisha kazi, hamisha na sababu ya ugomvi. Adam Shafi alipoandika riwaya yake ya Kuli alishika mgomo wa makuli wa bandarini wa 1948, jambo lililopita mbele za watu wote pale Unguja, akamuumba kijana wa kupita ndani yake. Yako mambo mengi ya namna hiyo, ya hadharani, yanayongoja mwandishi.

Ulinigusia pia habari ya kuacha kazi ya hoteli upate nafasi ya kuandika. Usiache. Muhammed Said Abdulla alikuwa mkaguzi katika idara ya afya, kisha akawa mhariri wa magazeti, na hadithi yake ya Bwana Msa, yule mpelelezi, iliyoshinda shindano la 1957–58 aliitunga akiwa mtu wa kazi. Wewe mwenyewe umeniambia kuwa zamu ya usiku, wageni wakishalala, unapata saa mbili tatu za kimya. Wangapi wanazo?

Kuna jambo limenikaa tangu Idi. Nilikuona unazungumza na watu huku unaandika maneno yao kwenye simu. Tafadhali usifanye hivyo. Mtu akijua anaandikwa hubadili anachosema, na mtu mzima huona umemdharau. Sikiliza, cheka nao, mimina chai, kaandike chumbani. Utakalolisahau njiani halikuwa na uzito.

Na ikiwa hadithi imekukaa moyoni na haiendi bila ya shangazi yako, panda boti uje umuulize mwenyewe. Si kwa simu, wala usinitume mimi. Kaa naye, msomee ulichoandika, na akikwambia hapa pafute, pafute anakuona. Namjua wifi yangu: huenda akakuhadithia mengine ambayo hata mimi sijapata kuyasikia. Hayo yakikufikia, usiniambie.

Mama yako